Mademoiselle Niliyemunyang'anya Woga

Nianze na kosa langu mimi mwenyewe, kwa sababu mutu mwingine akilieleza atalipamba. Nilikuwa musomaji wa vitabu kwenye baraza ya kusukia nywele, kule Majengo, na kwa miaka minane hivi, niliwadanganya wateja wa Yaya muchana kweupe. Nilimudanganya na Yaya mwenyewe. Yaya ni dada yangu mukubwa. Kwetu mukubwa haitwi kwa jina, na ukisahau, kofi inakukumbusha.

Mama yetu alikufa nikiwa na miaka minane. Yaya alikuwa na kumi na sita, yuko mwaka wa tatu wa sekondari, wa kwanza darasani. Papa alikuwa sentinelle, mulinzi wa mulango kwenye parsele, kiwanja kimoja cha wazungu kule Himbi, na siku tano kwa wiki alikuwa huko. Sasa nani atapika? Nani ataogesha mutoto? Yaya aliacha shule Jumatatu moja, akaanza kusuka vichwa vya watu. Hakulia. Alisema tu: "Haina shida." Hiyo "haina shida" yake niliisikia miaka na miaka, mpaka nikaamini kwamba kweli haikuwa shida.

Vitabu vilikuja na Papa. Mama mumoja muzungu alikuwa anarudi kwao, akamuachia katoni: pasi iliyokufa, vikombe visivyo na mikono, na vitabu vinne vinene vya Kifaransa, tome ya kwanza mpaka ya ine. Ilikuwa hadithi moja ndefu iliyoandikwa kwa ajili ya vijana, ya musichana wa miaka kumi na sita, mwanafunzi wa bweni katika inchi ya baridi, ambaye anaona wafu. Alikuwa na jina lake, lakini wateja walishindwa kulitamuka, wakamuita Mademoiselle, na jina likamukaa.

Kazi yenyewe ilienda hivi. Yaya anakaa juu ya benchi, muteja juu ya kiti kidogo katikati ya magoti yake, mimi juu ya bidon, dumu tupu la maji, mbele yao. Macho yangu yanasoma Kifaransa, mudomo unatoa Kiswahili. Kichwa cha mèches, nywele za bandia, kinakula saa ine, tano, na bila hadithi muteja anasinzia, shingo inalala, misuko inapinda. Na tulikuwa na sheria: mwenye kiti ndiye mwenye hadithi. Akisema "rudia", narudia. Akisema "mimi mwanzo sikusikia", naanza upya toka ukurasa wa kwanza, hata kama wengine wanalalamika. Ndiyo maana tome moja ilituchukua mwaka muzima.

Siku ya kwanza kabisa kwenye kiti alikuwa mama mumoja wa mutaa wa Mapendo, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwa, mwenye sauti ya kuita mutu toka ng'ambo ya ziwa. Nikafika pale Mademoiselle anapoona mufu wake wa kwanza: mutoto aliyezama, amekaa juu ya ukingo wa kisima nyuma ya shule, nguo zinachuruzika maji. Kitabuni, Mademoiselle anakimbia. Anajikojolea njiani. Anajificha chini ya blanketi siku tatu, na rafiki yake anayetoka kumutafuta ndiye anapewa punisho, anachapwa fimbo, na Mademoiselle ananyamaza kimya.

Nilikuwa bado sijamaliza kukimbia kwake, mama wa sambaza akapaaza sauti: "Aka! Mutoto anaona wafu? Huyo ni ndoki, muchawi! Funga hicho kitabu, mimi ni mutu wa kanisa."

Mwenzake aliyekuwa anangoja zamu akaongeza: "Tena ndoki mwoga!"

Baraza nzima ikacheka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilikuwa nimekwisha kumupenda Mademoiselle usiku na muchana. Wamucheke mutu wangu? Wapi! Nikainua sauti: "Ngojeni kwanza! Mademoiselle akageuka, akasimama wima mbele ya muzimu, akanyoosha kidole, akasema: Kwa jina la Yesu, toka! Na muzimu ukatoka mbio."

Mama wa sambaza alipiga makofi mpaka musuko ukaponyoka mukononi mwa Yaya. "Huyo sasa ni mutoto! Endelea, mudogo, endelea."

Basi nikaendelea. Taabu ni kwamba yule mutoto wa kisima anahitajika katika tome zote ine, na mimi nilikuwa nimemufukuza ukurasa wa ishirini. Ikabidi nitunge wafu wengine. Nilileta askari asiye na kichwa. Nilileta wafu wabaya waliofungwa ndani ya moto wa Nyiragongo, maana mama wa sambaza ni mutu wa Rutshuru, na bibi yake alimuambia kwamba ndiko wanakaa. Wote Mademoiselle aliwafukuza, bila jasho. Njia ya mwongo ni fupi, watu wanasema. Yangu nilikuwa naichimba kila siku ili isiishe.

Kisha mulima ukapasuka.

Nilikuwa na miaka kumi na mine. Jua lilikuwa bado juu tulipoona watu wanashuka na magodoro, na nyuma yao moshi na ule muto wa moto unatembea polepole ndani ya muji kama mutu asiye na haraka. Yaya alibeba sufuria ya maharagi, bado ya moto, na kitenge cha mama. Akaniambia: "Chukua mufuko wa shule, tia unga." Nikatia vitabu vinne. Unga nikauacha. Tulifika mupakani, tukavuka na watu wote, Yaya akafungua mufuko mbele ya jamaa waliotupokea Gisenyi, akatazama ndani. Nilipata kofi ambayo nilistahili. Kisha akaketi chini na kucheka mpaka akashika tumbo, akasema: "Haya, Mademoiselle atatupikia."

Tuliporudi lave, ule moto uliogeuka jiwe, ilikuwa bado inachoma, sandali zinalainika mguuni. Nyumba yetu ilikuwa imeliwa mpaka madirishani. Papa alikaa juu ya jiwe, akashika kichwa. Yaya hakukaa. Alitafuta mbao, akafunga bâche, turubai, juu yake, akaweka benchi juu ya lave yenyewe, na wiki ileile akawa anasuka. Namusifu mutu huyu mpaka leo, na wakati ule nilimuogopa kidogo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Muteja wa kwanza alikuwa mama wa sambaza, majivu yamejaa nywele, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Mademoiselle naye aliungua?"

"Yuko mufukoni," nikasema.

"Basi sema."

Wakati ule waliotawala muji wetu walikuwa waasi. Baadaye hao wakawa serikali, na wengine wakaja kuwa waasi, na sisi tukajifunza kutouliza sana nani ni nani juma hili. Siku moja risasi zilianza asubuhi saa tano, karibu sana. Tulikuwa sita, tukalala chini ndani ya nyumba ya mbao, na kila mutu alijua kwamba mbao haizuii kitu. Mama wa sambaza alikuwa amesukwa nusu ya kichwa. Akaniambia, uso umeshindiliwa sakafuni: "Soma, mutoto wangu. Soma tusisikie."

Sikuwa na kitabu mukononi. Nikasema tu kwa kichwa. Nikamutoa Mademoiselle nje, nikamupitisha katikati ya risasi, anatembea taratibu, hata hainamishi kichwa. Yaya alikuwa amelala pembeni yangu na kitana bado iko vidoleni. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Haogopi hata kidogo?"

"Hata kidogo, Yaya."

Akarudisha uso sakafuni. Nikaona nimemupa nguvu. Nilijivuna, Mungu anisamehe, nikiwa nimelala kifudifudi.

Nilimaliza sekondari, na Yaya ndiye aliyenimalizisha, kwa vidole vyake. Siku ya kupata diploma yangu aliishika mukononi, akauliza kama anauliza bei ya chumvi: "Hivi ile ya autodidactes, mutu wa miaka yangu anaweza?" Autodidactes ni wale wanaojisomesha nyumbani na kujiandikisha kwa examen d'État, ule mutihani wa Leta, yaani serikali, wa kumaliza sekondari, bila kukaa darasani. Papa aliyekuwa anakunywa chai aliweka kikombe chini. Ndipo tulijua wote wawili kwamba haikuwa "haina shida". Kwa miaka kumi na kitu ilikuwa shida, na alikuwa ameikalia kimya.

Alianza kusoma kaye zangu, daftari za shule. Aliziweka wazi juu ya kichwa cha muteja, anasuka upande huu, anasoma upande ule. "Usitikisike, mama, niko kwenye figo," anasema, na muteja anatulia. Jirani walicheka: mwanamuke karibu ya miaka thelathini, anataka kukaa na watoto wa uniforme! Yeye alifunua ukurasa mwingine.

Siku ya kwanza ya examen alitoka asubuhi na blauzi nyeupe. Alirudi kabla ya saa tatu. "Walifunga mulango," akasema, akashika kitana.

Baadaye nikasikia kwa mutoto wa jirani kwamba mulango ulikuwa wazi. Yaya alisimama pembeni ya ukuta mpaka kengele ikalia. Nikamuuliza. Alijibu bila kunitazama: "Mademoiselle angeingia. Mimi si mutu wa namna ile. Mimi ni mutu wa bure tu."

Ilinichoma. Pale pale ningesema ukweli, kwamba Mademoiselle naye asingeingia, kwamba angekimbia na kulowanisha nguo. Sikusema. Nilisema: "Haina shida, Yaya." Niliona aibu yangu kuliko maumivu yake, na hilo ndilo kosa lenyewe. Uongo wa utoto ni uongo wa utoto tu. Huu niliusema nikiwa mutu muzima.

Mvua za mwaka ule zilinyesha vibaya, na siku za mvua hakuna anayekuja kusuka. Nilirudi toka sokoni alasiri moja na mufuko wa makala ya kupikia, nikamukuta Yaya kwenye benchi na tome ya kwanza, biki sikioni, kamusi ya Papa pembeni. Kwa kusoma kaye zangu Kifaransa chake kilikuwa kimerudi, na zaidi. Alikuwa amefika mbali.

"Hapa Mademoiselle yuko chini ya blanketi," akasema.

Nikaweka makala chini.

"Hapa anajikojolea." Akafunua ukurasa. "Hapa rafiki yake anapigwa kwa ajili yake, yeye anatazama. Na Yesu nimemutafuta kitabu kizima. Hayuko hata mahali pamoja."

Nikacheka, ile cheko ya mutu aliyeshikwa. Yeye hakucheka. Majuma matatu hakunisemesha. Sahani yangu aliiweka mezani kama ya mugeni. Mama yangu eh, bora angenipiga! Alisoma tu, tome ya pili, ya tatu, na kila nilipopita niliona ukurasa uko wapi na nikajua ni uongo wangu upi unakufa leo.

Alipofika tome ya ine aliniita. Alikuwa amekaa juu ya kile kiti kidogo cha wateja, mahali ambapo sikuwahi kumuona amekaa.

"Leo mwenye kiti ni mimi. Soma mwisho. Vile iko."

Nikasoma. Wacha niwaambie sasa vile iko, maana wateja niliwanyima. Katika tome ya kwanza Mademoiselle ni mwoga, nimekwisha kusema. Katika ya pili anawaendea wafu, lakini anawadanganya: anawaahidi kila kitu ili wamuache, na hatimizi hata kimoja. Katika ya tatu anapata nguvu kweli, na nguvu zinamuharibu. Anawatuma wafu kama maboyi, anawafokea, yule rafiki yake anamukimbia. Niliposoma tome hiyo nikiwa mutoto nilimuchukia kabisa. Na katika ya ine, mutu huyo huyo, baada ya aibu zote hizo, anarudi nyuma ya shule. Mutoto wa kisima bado yuko pale, miaka yote anachuruzika maji. Mademoiselle anatetemeka vilevile kama siku ya kwanza; mwandishi anasema magoti yake yanagongana. Lakini anakaa juu ya ukingo wa kisima, karibu, na anamuuliza: "Unataka nini?" Na mutoto hataki kitu. Alitaka tu mutu akae naye kidogo.

Nilipomaliza, Yaya alikuwa analia. Sikuwahi kumuona. Hakulia mama alipokufa, hakulia juu ya lave. Niliogopa, nikasema: "Nisamehe, Yaya. Nilitaka awe mukubwa."

"Ulimufanya mukubwa toka ukurasa wa ishirini," akasema. "Sasa atakomaa wapi? Mutu wako hana pa kwenda. Miaka yote mimi najilinganisha na yeye, nasema huyu haogopi na mimi kila siku tumbo linanikata, basi kuna watu wameumbwa vile na mimi sikuumbwa. Kumbe naye! Kumbe anaogopa mpaka mwisho, na anakaa tu palepale."

Alijipangusa na kitenge. Kisha akanikamata sikio, kama nina miaka sita, akalivuta vizuri. "Na kesho utawaambia wateja."

Niliwaambia. Mama wa sambaza alikasirika: "Na Yesu wetu umemupeleka wapi?" Alisusa majuma mawili, akaenda kusukwa kwingine, akarudi na analalamika kwamba kule hakuna hadithi. Nikaanza tome ya kwanza upya, vile iko. Alimutukana Mademoiselle katika ya kwanza, akamutukana katika ya pili, katika ya tatu akasema angemuchapa kwa mukono wake. Tulipofika kisimani matusi yaliisha. Akaomba nirudie. Nikarudia.

Mwaka uliofuata nilimusindikiza Yaya. Kwenye mulango wa kituo cha examen, katikati ya watoto wa uniforme, alisimama akasema kwa sauti, si kwangu tu, kwa wote: "Niko naogopa sana." Kijana mumoja akacheka. Papa, ambaye alikuwa ameomba ruhusa kazini, akamugeukia yule kijana: "Kwa mwoga huenda kicheko, mutoto wangu, cheka." Yaya aliona pale mulangoni mashavu ya Papa yanatetemeka, akamuambia: "Papa, rudi nyumbani." Akaingia.

Akaanguka mutihani.

Alirudi kwenye benchi akawaambia wateja mwenyewe: "Nimeanguka." Neno hilo mudomoni mwake lilinishitua kuliko matokeo. Mwaka wa pili waasi walikuwa juu ya vilima, mabomu yanasikika toka upande wa Kibumba, kituo kikahamishwa mara mbili. Alikwenda. Akaanguka tena, kwa sababu ya hisabati. Akafunga mulango, akalala siku mbili, na nilijua kwamba sasa imeisha. Nilikaa kwenye kizingiti, sikumutungia uongo wowote, nilikuwa nimejifunza. Siku ya tatu akatoka, akaomba kaye ya hisabati na chai.

Mwaka wa tatu jibu lilikuja kwa telefone, katikati ya kazi, mama wa sambaza akiwa kwenye kiti. Yaya alisoma, akanipa nisome, akanyang'anya, akasoma tena. Nikapiga kelele iliyowatoa majirani wote. Kwetu mutu akipita examen d'État anamwagiwa poudre, ile poda nyeupe, na jirani walikuja mbio na makopo, wengine na unga wa mihogo, wakamumwagia mwanamuke muzima wa miaka thelathini na miwili mpaka akabaki macho tu. Papa alikuwa anacheza peke yake karibu ya ukuta.

Wakanisukuma niseme neno, kwa sababu musemaji wa baraza ni mimi. Nikapanda juu ya bidon. Na mudomo wangu, mudomo huu niliozaliwa nao, ukaanza: "Yaya yangu ni simba! Yaya yangu hajawahi kuogopa kitu hata siku moja..."

"Wewe!" Yaya alisema toka ndani ya poudre. "Shuka. Ao sema vile iko."

Sikushuka. Nikasema: "Mara ya kwanza alifika mulangoni akakimbia, akatudanganya. Mara ya pili aliingia, akaanguka. Mara ya tatu akaanguka, akalala siku mbili hataki kula. Mara ya ine alikwenda anatetemeka, akapita."

Wengine wakacheka, wengine wakapiga makofi, mutu akaanzisha wimbo. Mama wa sambaza hakucheka wala kuimba. Alibaki kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, poudre imemurukia mabegani. Alimuvuta Yaya nguo, na kwa mara ya kwanza tangu nimujue alisema kwa sauti ndogo:

"Na hiyo examen, wanaandikisha wapi?"